Tafakuri ya Ramadhani 19: Mzee Wetu Atalala Wapi?

Tafakuri ya leo ni ndefu kuliko za siku nyingine, mnivumilie. Kesho jioni tunaingia kumi la mwisho, na kabla hatujaingia nina jambo la mtaani kwetu ambalo halisubiri Idi ipite.

Wengi wenu mnamjua mzee wetu anayeswali safu ya kwanza, upande wa kulia, karibu na nguzo. Kaniruhusu nieleze habari yake, jina kaniomba niliache. Alisukuma mkokoteni hapa Kariakoo kwa miaka mingi. Mizigo ya maduka ya baadhi yenu, au ya baba zenu, imepita mabegani kwake. Presha ya macho ikamchukua jicho moja, halafu la pili. Mke ametangulia mbele ya haki, mtoto hakujaaliwa, na kwao Rufiji waliobaki ni watoto wa watoto wa ndugu ambao hata sura yake hawaijui.

Anaishi chumba cha uani katika nyumba ya Kiswahili, moja ya zile chache zilizobaki. Mwenye nyumba alifariki, warithi wameuza, na baada ya Idi nyumba inavunjwa ijengwe ghorofa. Siwalaumu warithi, ni haki yao. Wapangaji wengine wameshapata vyumba Mbagala, Chanika na Kivule. Yeye hajapata. Na hata akipata, ataishi vipi? Hapa anajua kwamba kutoka kitandani hadi bombani ni hatua 14. Anajua msikiti uko wapi kwa sauti ya cherehani za yule fundi wa kona. Ukimhamishia Chanika peke yake umemfanya kipofu mara ya pili.

Sasa nikiri kosa langu, maana siwezi kuwasema nyinyi nikajiacha mimi. Kwa miaka mitatu kila Ramadhani nimempelekea mfuko: unga, mchele, sukari, tende, mafuta. Nagonga, "Shikamoo babu," naweka mfuko, naomba dua, naondoka. Nilijiona nimetimiza. Wiki iliyopita nikachelewa kuondoka, adhana ya Magharibi ikanikuta pale. Tukafuturu wawili, uji na mihogo. Tulipomaliza akaniambia, "Sheikh, chakula ninacho. Mnaniletea, Mungu awalipe. Ila leo ndiyo mara ya kwanza mwezi huu nimesikia mtu mwingine akisema Bismillah humu ndani."

Ndugu zangu, nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Miaka mitatu sikuwahi kumuuliza usiku nani anampeleka chooni. Sikuwahi kuuliza akianguka nani atajua.

*Je, dini yetu inasema nini juu ya mtu kama huyu?*

Tukisema kusaidia maskini, akili yetu inakimbilia sadaka ya mkononi. Lakini turudi Madina. Katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) kulikuwa na sehemu yenye kivuli ikiitwa Suffa. Hapo walilala watu wasio na nyumba, wasio na mali, wasio na jamaa mjini. Mtume hakuishia kuwapelekea chakula pale walipo. Imepokewa katika Bukhari kwamba aliwaambia maswahaba: mwenye chakula cha wawili amchukue wa tatu, mwenye cha wanne amchukue wa tano au wa sita. Abu Bakr (r.a.) akaondoka na watatu. Mtume mwenyewe akaondoka na kumi.

Angalieni hapo. Chakula kingeweza kuletwa msikitini. Badala yake watu walipelekwa majumbani. Kuna kitu ambacho sahani haikipeleki, na kitu hicho kiko ndani ya nyumba: sauti za watoto, mtu wa kukuuliza umelalaje, mtu wa kukugombeza ukiacha kumeza dawa.

Na hadithi hiyohiyo haifichi kwamba kukaa na mgeni ni kazi. Abu Bakr aliwaacha wageni wake nyumbani, yeye akachelewa kwa Mtume. Aliporudi usiku akakuta hawajala, wamekataa kula bila yeye. Akakasirika, akamkemea mwanawe Abdurrahman, akaapa kwamba hali. Wageni nao wakaapa kwamba hawali. Nyumba ya Abu Bakr Siddiq, na usiku ule mmekuwa na maneno! Kisha akatulia, akavunja kiapo chake, wakala wote, na chakula kikawa kinaongezeka badala ya kupungua. Kwa hiyo ukimkaribisha mtu kwako, siku ya tatu ukajikuta umekasirika, usidhani nia yako imeharibika. Tulia, rudi mezani. Baraka ilikuja baada ya ugomvi kwisha.

Tusome pia Suratun Nur, aya ya 61. Mwenyezi Mungu amewataja kipofu, kiguru na mgonjwa, kisha akataja kula katika nyumba: zetu, za wazazi, za ndugu, za ami na wajomba, za rafiki, mpaka nyumba ambazo funguo zake tumekabidhiwa. Wafasiri wameeleza kwamba walikuwepo watu wenye ulemavu walioona haya kula na wenzao wakihofia kuwakera, na wengine walikabidhiwa funguo na wenye nyumba waliosafiri, wakaona vibaya kugusa chakula cha humo. Aya ikaja kuondoa uzito huo. Yaani suala la mlemavu na meza ya nyumbani lina aya yake, hatukulibuni sisi wala watu wa miradi.

Na msije mkadhani mtu wa namna hii ni wa kuhurumiwa tu. Abdullah ibn Ummi Maktum alikuwa kipofu. Alikuwa mwadhini wa Mtume, na Mtume alipotoka Madina kwa safari za vita alimwachia mji zaidi ya mara moja.

*Kwa nini tatizo hili limekua kwetu?*

Tuseme ukweli wa Kariakoo. Zamani nyumba yenyewe ilikuwa inalea. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele. Mzee asiye na mtu alikuwa na chumba chake, lakini hakuwa peke yake. Aliyekuwa anapika uani alimwona. Watoto walimpita ukumbini. Asipotoka alfajiri, ifikapo saa mbili mlango umeshagongwa. Hakuna aliyeita jambo hilo huduma. Yalikuwa maisha tu.

Leo kiwanja kilekile kimebeba ghorofa. Chini maduka, juu stoo, juu zaidi familia zilizofunga milango ya chuma. Ngazi ni nyingi, na lifti mara inafanya kazi mara haifanyi. Biashara imekua, alhamdulillahi, wengi wetu tunakula kwa hiyo. Lakini ile nyumba iliyokuwa inalea wazee bila kuambiwa imeondoka, na hatukuweka kitu mahali pake.

Kuna mtu aliniambia, "Sheikh, si apelekwe Nunge?" Makazi ya wazee Nunge yapo hapo Kigamboni, na serikali ina makazi mengine kama Fungafunga Morogoro na Mwanzange Tanga. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Welezo na Sebleni. Hizi ni nyumba zimeokoa watu, na anayefanya kazi humo kwa ikhlasi ana ujira wake kwa Allah. Sizisemi vibaya. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe inasema familia ndiyo ibaki kuwa msingi wa matunzo ya mzee, na makazi yawe njia ya mwisho pale nyingine zimeshindikana. Sasa mimi na wewe tumejaribu njia ipi mpaka tufike ya mwisho? Tumejaribu mfuko wa tende.

Zanzibar walipiga hatua nyingine. Mwezi Aprili 2016 walianza pensheni jamii, kila aliyefika miaka 70 akapata shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ni jambo kubwa, mzee anapata kitu chake mkononi. Lakini pesa haimshiki mtu mkono usiku. Bado nyumba inahitajika.

*Mama mmoja wa Mchikichini*

Msidhani nasema mambo yasiyowezekana. Katika jamaa hii hii yuko mama mmoja, mama lishe, anaishi Mchikichini vyumba viwili. Jirani yake alikuwa na binti mtu mzima mwenye mtindio wa ubongo. Jirani akafa. Ndugu walikuja msibani, wakagawana vyombo, binti hakuchukuliwa na mtu. Huyu mama akamwingiza kwake. Leo ni mwaka wa tisa. Hawana udugu wa damu. Anamwogesha, anamvalisha, anamlisha, na akienda kupika anaenda naye, anamkalisha kwenye kiti pembeni amenye vitunguu saumu. Binti anamwita "Mama".

Nilimtembelea nikaanza kumwambia maneno yetu ya kishekhe, kwamba ujira wake ni mkubwa. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Nashukuru ustaadhi. Kila mtu ananiambia nitalipwa peponi. Lakini Jumatatu nikienda kununua unga, nani atanishikia huyu?"

Ndugu zangu, hilo ndilo swali la tafakuri ya leo. Sisi tunampa anayelea sifa, na sifa haimpi hata saa moja ya kupumzika. Amebeba faradhi ya mtaa mzima mgongoni kwake, sisi tunampigia makofi. Mnajua fardhi kifaya: wakifanya baadhi, wengine wamesalimika, wasipofanya, wote wana dhambi. Lakini huyu mmoja akizidiwa akaanguka, deni linarudi kwetu wote.

Mfano mwingine nautoa mbali, kwa watu wasio wa dini yetu, maana hekima tunaichukua popote. Ubelgiji kuna mji unaitwa Geel. Kwa mamia ya miaka familia za mji ule zimepokea majumbani mwao watu wazima wenye maradhi ya akili, wasio ndugu zao. Miaka ya 1930 waliishi humo zaidi ya 3,000 kwa wakati mmoja, na mpaka leo desturi haijafa. Wanakula na familia, wanasaidia kazi wanazoweza, wengine wanakaa nyumba moja miaka mingi mpaka watoto waliowakuta wadogo wanawarithi kuwatunza. Siri yao moja ni hii: familia haiachwi peke yake. Kuna hospitali nyuma yake, kuna wauguzi wanaopita, na kuna posho. Anayelea naye analelewa.

*Sasa tufanye nini?*

Nimekaa na kamati ya msikiti na kina mama wa darasa la Jumamosi. Tumekubaliana tuanze kidogo: mtu mmoja, nyumba tatu.

Nyumba ya kwanza ndiyo atakapolala. Iwe ya chini, isiwe na ngazi, na choo kiwe karibu. Nyumba ya pili inashika gharama: chakula chake, dawa, sabuni, kila mwezi, si Ramadhani peke yake. Nyumba ya tatu inatoa muda. Siku mbili kwa wiki mtu wa nyumba hiyo anakuja kukaa naye, kumpeleka kliniki, kumpeleka Ijumaa, ili wenyeji wapumzike na wafanye shughuli zao. Asiye na chumba ana pesa. Asiye na pesa ana Jumatatu yake. Hakuna kati yetu asiye na kimojawapo.

Na ili wema usigeuke dhulma, tumeweka masharti. Naomba myasome polepole.

1. *Anza na wako.* Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akasema Amin mara tatu. Akaulizwa, akaeleza kwamba Jibril alikuwa akiomba dua dhidi ya watu watatu: aliyefikiwa na Ramadhani ikatoka hajasamehewa, aliyewakuta wazazi wake katika uzee wasiwe sababu ya yeye kuingia peponi, na aliyesikia jina la Mtume asimswalie. Ramadhani na mzazi mzee vimewekwa pamoja. Kama mama yako yuko Mbagala na hujamwona tangu Shaabani, usijiandikishe kwetu. Nenda Mbagala. Na unayetaka kukaa itikafu kumi hili huku mgonjwa wako nyumbani hana wa kumgeuza, kumbuka yule kijana aliyetaka kwenda jihadi, Mtume akamrudisha akawahudumie wazazi wake.

2. *Aulizwe mwenyewe.* Mzee si mzigo wa kuhamishwa kutoka stoo hii kwenda ile. Anataka kwenda kwa nani? Akikataa, aheshimiwe. Na mwenye ulemavu wa akili pia ana namna yake ya kuonyesha anapenda au hapendi, tujifunze kuisoma.

3. *Mke na watoto waulizwe pia.* Baba, usirudi na mgeni jioni ukasema msikiti umeamua. Atakayefua mashuka si wewe.

4. *Mali yake ni amana.* Akiwa na pesa, simu, kiwanja kwao, chochote, kiandikwe mbele ya mashahidi. Hakuna kumsainisha karatasi. Zaka akipewa ni yake, si kodi ya mwenye nyumba. Na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa ustawi wa jamii wapewe taarifa tangu siku ya kwanza, ili akidhulumiwa awe na pa kusemea pasipo hofu.

5. *Si mlinzi wala mtaji.* Tumeona wazee wanaopewa kona ya kulala ili walinde duka usiku. Tumeona walemavu wanaotolewa barabarani asubuhi wakaombe, jioni kopo linamwagwa mezani kwa mtu mwingine. Yeyote atakayemchukua mja wa Allah kwa nia hiyo, na ajue dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia kati yake na Mola.

6. *Stara.* Mwanamume ahudumiwe na mwanamume, mwanamke na mwanamke, isipokuwa dharura. Mgonge mlango wake hata kama haoni. Hasa kwa sababu haoni.

7. *Ibada asilazimishwe.* Mzee asiyeweza kufunga, au mwenye maradhi ambayo daktari amemkataza, ana rukhsa, na mwenye uwezo hulisha maskini kwa kila siku. Anas ibn Malik (r.a.) alipozeeka alifanya hivyo, na yeye alikuwa mtumishi wa Mtume miaka kumi. Aliyepotewa na akili kalamu imenyanyuliwa kwake. Na mzee anayesahau majina, akarudia swali mara ishirini, hajarogwa wala si mchawi. Ni ugonjwa. Mpelekeni hospitali, kuna dirisha la wazee.

8. *Miezi mitatu kwanza.* Tutaangalia wote, mwenyeji na mgeni. Ikishindikana, aje aseme bila aibu, tutafute nyumba nyingine. Kusema nimeshindwa ni bora kuliko kumtunza mtu kwa chuki.

Najua kuna anayesoma huku anasema moyoni, "Sheikh, maisha yenyewe haya, kodi ya chumba hii, watoto shule." Ni kweli, simfichi mtu. Lakini Sa'd ibn Abi Waqqas (r.a.) aliwahi kujiona ana fadhila kuliko wengine, Mtume akamfundisha kwamba tunanusuriwa na tunaruzukiwa kwa sababu ya wanyonge wetu. Tunapanga Kariakoo nzima tukidhani riziki inaletwa na kontena. Huenda inaletwa na yule mzee wa chumba cha uani anayeomba usiku tukiwa tumelala.

Na tusisahau kwamba Mwenyezi Mungu katika Suratur Rum ametueleza safari yetu: udhaifu, kisha nguvu, kisha udhaifu na mvi. Aliyesukuma mkokoteni wa magunia leo anatafuta mkono wa kushika. Mabega yako hayajaandikiwa kitu tofauti.

*Ombi la leo*

Leo baada ya swala ya Alasiri tutakaa robo saa tu, kina baba upande wetu, kina mama upande wao. Daftari litakuwepo. Tunahitaji nyumba tatu kwa mzee wetu kabla ya mwezi wa Idi kuandama. Na tunahitaji nyumba moja ya Jumatatu kwa ajili ya mama wa Mchikichini, hiyo isisubiri hata Ijumaa. Mimi na mke wangu tumeshaandika majina yetu kwenye nyumba ya muda: Jumanne na Alhamisi. Chumba cha chini hatuna, tunapanga ghorofa ya tatu. Ndiyo maana tunakuhitaji wewe mwenye chumba cha chini.

Na leo jioni, kabla daftari halijajaa, kila mmoja afanye moja dogo. Usipeleke futari ukaondoka. Kaa. Subiri adhana. Sema Bismillah kwa sauti, asikie.

Ewe Mola wetu, wasamehe wazee wetu waliotangulia tukiwa hatujui walikuwa wapweke. Wape nguvu wanaolea watu Wako kimya kimya majumbani. Usitufanye mzigo kwa watoto wetu, na tukidhoofika utujaalie nyumba yenye mlango wazi na nyuso zenye bashasha. Tukubalie funga zetu, na utufikishe Laylatul Qadri tukiwa hatudaiwi haki ya jirani. Amin.

Mtumie mwenzako ambaye hayupo kwenye kundi hili, hasa mwenye nyumba ya chini.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.